Kupenya Katikati ya Leni na Nduthi: Ni Ruhusa Ama Ni Kesi?

Saa kumi na moja jioni, Waiyaki Way imeshikana kutoka Museum Hill mpaka Kangemi. Wewe uko nyuma ya nduthi, na dere wako amejipenyeza katikati ya mathree mbili, magoti yenu yakikosa mabati kwa inchi. Umefika mtaa mapema, sawa. Lakini je, hiyo kitu ni halali?

Ukiuliza kwa stage ya boda utaambiwa ni ruhusa. Ukiuliza mwenye gari atakuapia ni kosa. Cheki sheria yenyewe.

Sheria inasema nini?

Kitabu cha kuangalia ni Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Hakuna kifungu mle kinachotaja kupita katikati ya leni kwa jina, iwe ni kuruhusu ama kukataza. Hapo ndipo wasee wengi husimamia: "Haijakatazwa."

Tulia kwanza. Kifungu cha 49 kinashika mtu yeyote anayeendesha bila uangalifu, ama bila kujali wengine walio barabarani. Cha 47 ni kizito zaidi, kinashika anayeendesha kiholela ama kwa njia ya hatari. Nduthi pia imo. Kwa hivyo karao akikusimamisha, kesi itategemea vile ulivyopita. Kusonga polepole kati ya magari yamesimama ni stori moja. Kukata mbio kati ya lori na mathree zinazotembea ni stori ingine kabisa.

Mambo hayana mjadala

- Kupanda njia ya wanaotembea ili kukwepa jam. Kifungu cha 45A, kilichoongezwa 2012, kinasema faini hadi shilingi 30,000, ama jela hadi miezi mitatu, ama zote mbili.
- Kuendesha bila helmeti na jaketi ya riflekta, ama kubeba zaidi ya abiria mmoja. Hiyo ni 103B. Huyo wa boda anafaa kuwa na helmeti na riflekta yako pia.
- Kupanda Nairobi Expressway, ile ya Mlolongo hadi Westlands iliyofunguliwa 2022. Nduthi haziruhusiwi juu.
- Kuvuka mstari usiokatika ili uende upande wa magari yanayokuja.

Tao nayo iko na mambo yake. Kaunti imepiga marufuku boda kuingia CBD zaidi ya mara moja, kwa hivyo huko unaweza kushikwa na kanjo hata kama umekaa kwa leni vizuri.

Mkigonga, nani analipa?

Hapa ndipo doo hupotea. Korti zetu hugawa lawama kwa asilimia. Tuseme dere wa gari amebadilisha leni bila indiketa, na wewe wa nduthi ulikuwa unapenya kwa kasi. Hakimu anaweza kusema nyote mna makosa. Kama fidia yako ingekuwa 400,000 na lawama yako ni asilimia 50, unaenda nyumbani na 200,000.

Abiria hashiki usukani, kwa hivyo kesi yake ni tofauti. Lakini kama ulikataa helmeti juu ya nywele, fidia yako inaweza kupunguzwa pia.

Na bima? Ile ya third party, ambayo ni lazima kwa Sura ya 405, ni ya kulipa watu wengine walioumia. Aliyekuwa akiendesha nduthi haimlipi. Akivunjika mguu, hosi ni juu yake.

Kwingine wanafanyaje?

California iliandika wazi kwa sheria kuwa ni ruhusa, kuanzia Januari 2017. Ufaransa ilifanya majaribio miaka kadhaa, kisha Januari 2025 ikaruhusu kwa masharti: barabara kubwa zilizotenganishwa katikati, na mwendo usipite kilomita 50 kwa saa. Uingereza, kitabu chao cha barabara kinamwambia mwenye pikipiki awe makini na apunguze mwendo. Sisi bado hatujaandikiwa kipimo kama hicho.

Kwa hivyo kama unaendesha, penya tu wakati magari yamesimama ama yanatambaa, taa ikiwa imewashwa, na usikae kando ya lori ama basi mahali dere hakuoni kwa kioo. Kama wewe ni abiria, uko na haki ya kugonga bega la dere na kumwambia: "Boss, pole pole, sina haraka."