Kijiji kisicho na jina: uongo wa Februari 1961

Jengo lile lenye mnara pale Flagey, ambalo watu wa Brussels wanaliita meli, halikujengwa kwa ajili ya jazz. Lilichorwa na Joseph Diongre miaka ya 1930 liwe nyumba ya redio ya taifa ya Ubelgiji, na mwaka 1961 redio ilikuwa bado mle ndani. Tunaanzia hapo kwa sababu kipindi cha wiki hii kinahusu habari moja iliyozunguka dunia nzima mwaka huo. Ilikuwa ya uongo.

Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, aliwaita waandishi wa habari Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Akasema Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kifungoni, wakakamatwa na wanakijiji, wakauawa. Kijiji gani? Hataji, eti wafuasi wa Lumumba wasije kulipiza kisasi. Kaburi liko wapi? Hasemi, eti pasije pakawa mahali pa hija. Na wanaodhani serikali imewaua, basi wathibitishe.

Hebu isome tena polepole. Kila swali ambalo jibu lake lingeweza kuhakikiwa, limefungiwa mlango, na kila mlango umewekewa sababu inayosikika kama busara. Halafu mzigo wa ushahidi anabebeshwa anayeuliza, ilhali aliyekuwa na wafungwa mkononi ni Munongo mwenyewe! Ukipewa hadithi iliyokamilika hivyo lakini haina jina, mahali wala mwili, usiimeze.

Ukweli ni kwamba watu hao watatu walikuwa wamekufa karibu wiki nne. Waliletwa Elisabethville kwa ndege tarehe 17 Januari, wakapigwa risasi usiku uleule, mawaziri wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Baadaye polisi Mbelgiji, Gérard Soete, alishiriki kuiyeyusha miili kwa asidi. Ndiyo maana kaburi halikuonyeshwa.

Na si kwamba ilichukua miaka mingi kushtukia. Novemba 1961, tume ya Umoja wa Mataifa ilishaikataa hadithi ya kutoroka. Ni Brussels iliyokawia: kitabu cha Ludo De Witte kilitoka 1999, tume ya bunge ikamaliza kazi 2001, na Louis Michel, waziri wa mambo ya nje, akaomba radhi Februari 2002. Miaka arobaini na kitu! Jino moja la Lumumba, lililokuwa limebaki kwa Soete, familia ilikabidhiwa Juni 2022.

Upendeleo lakini hauhitaji uongo kila mara. Septemba 1960, Rais Kasa-Vubu alipotangaza redioni kwamba amemfukuza Lumumba, Lumumba naye alikwenda redioni kujibu. Siku iliyofuata Umoja wa Mataifa ukaifunga stesheni ya Léopoldville. Kwenye karatasi, wote wawili wamenyimwa maikrofoni, sawa kwa sawa. Ila Kasa-Vubu aliweza kutumia Redio Brazzaville, ng'ambo ya mto tu. Lumumba hakuwa na mto wa kuvuka. Sisi tunaona hili ndilo gumu zaidi kulitambua, maana hakuna sentensi hata moja ya kukanusha.

Kuna kumbukumbu nyingine, na hii ni ya lugha yetu. Miaka ya 1970 mchoraji Tshibumba Kanda Matulu wa Lubumbashi alichora historia ya nchi katika picha zaidi ya 100, akamweleza Johannes Fabian kila picha kwa Kiswahili cha kwao. Humo Lumumba anakufa kama Yesu. Si ushahidi wa mahakamani, lakini ni kumbukumbu.

Kutoka Flagey, basi 71 linakufikisha Porte de Namur, na Square Lumumba iko hapohapo tangu 2018. Kabla ya kipindi kijacho waulizeni wazee nyumbani: habari ya kifo kile waliisikia kwa nani, na waliiamini? Mtutumie sauti zao.