Kichunguzi cha mnyororo wa bloku kwenye nodi binafsi

Kichunguzi cha mnyororo wa bloku ni programu inayosoma daftari la sarafu ya kidijitali na kulionyesha katika kurasa za kawaida za kivinjari. Mtumiaji huandika namba ya muamala, anwani au namba ya bloku, naye huonyeshwa kiasi kilichotumwa, wakati kilipoingia daftarini na idadi ya bloku zilizofuata baadaye. Vichunguzi vinavyojulikana zaidi, kama mempool.space kwa Bitcoin na Etherscan kwa Ethereum, viko kwenye intaneti na hutumiwa na watu wote. Makala hii inahusu kichunguzi ambacho mtu hukiendesha mwenyewe kwenye kompyuta yake, kikisoma nakala ya daftari aliyoipakua na kuikagua mwenyewe. Mifano inatoka zaidi kwa Bitcoin, kwa kuwa ndiyo yenye daftari kongwe kuliko yote ya aina hii.

Nodi na kazi yake

Nodi ni kompyuta inayotunza nakala ya daftari na kuwasiliana na nodi nyingine. Kwa Bitcoin, programu inayotumika zaidi ni Bitcoin Core. Bloku ya kwanza ya daftari hilo ni ya tarehe 3 Januari 2009, na tangu hapo bloku mpya imekuwa ikiongezwa kwa wastani wa kila dakika 10. Wanaozitengeneza huitwa wachimbaji, nao wapo pia Afrika Mashariki na Kati: Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mashariki mwa Kongo, ilianza kuchimba Bitcoin mwaka 2020 kwa umeme wa maji.

Nodi haipokei bloku kwa kumwamini aliyeileta. Inakagua kama saini za miamala ni sahihi, kama kuna sarafu iliyotumiwa mara mbili, na kama mchimbaji hakujilipa zaidi ya kiwango, ambacho tangu Aprili 2024 ni Bitcoin 3.125 kwa bloku pamoja na ada. Bloku yenye kosa hutupwa, hata ikiwa imeletwa na nodi elfu.

Kichunguzi chenyewe hakikagui chochote. Ni dirisha tu. Kikiwekwa juu ya nodi ya mtu mwingine, kinachoonekana ni kile alichoamua mtu huyo kukionyesha.

Sababu za kuwa na kichunguzi binafsi

Wafanyabiashara wa Tanzania wanaifahamu hatari hii kwa njia nyingine. Mteja anaonyesha kwenye simu yake ujumbe wa kuwa pesa imetumwa. Mwenye duka makini haangalii simu ya mteja, bali salio lake mwenyewe. Katika sarafu za kidijitali, matapeli huunda tovuti zinazofanana na vichunguzi vya kweli, zikionyesha malipo ambayo hayapo. Anayesoma nodi yake hadanganyiki kwa picha ya skrini wala kwa kiungo alichotumiwa.

Sababu ya pili ni faragha. Kila anayeuliza kuhusu anwani fulani kwenye kichunguzi cha umma anamwachia mwenye seva anwani yake ya intaneti pamoja na dalili kwamba malipo yale yanamhusu. Swali linaloulizwa kwenye kompyuta ya nyumbani halitoki nje.

Sababu ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na mfano wake ni OneCoin. Mpango huo ulianzishwa mwaka 2014 na Ruja Ignatova pamoja na Karl Sebastian Greenwood, na uliuzwa kwa watu wa nchi nyingi, Uganda ikiwemo, kupitia vifurushi vilivyoitwa vya elimu. Wanachama walionyeshwa kwenye tovuti ya kampuni thamani ya sarafu zao ikipanda. Lakini hapakuwa na daftari la umma ambalo mtu angeweza kulipakua na kulikagua. Namba zilikuwa ndani ya mfumo wa kampuni, na bei ilipangwa na kampuni yenyewe. Februari 2017 Benki Kuu ya Uganda iliwaonya wananchi kuhusu mpango huo. Oktoba mwaka huohuo Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens, naye hajapatikana tangu hapo. Greenwood alihukumiwa kifungo cha miaka 20 huko New York mwaka 2023. Waendesha mashtaka wa Marekani walikadiria hasara kuwa zaidi ya dola bilioni 4.

Swali moja lingetosha kuushtukia mpango ule: nodi yake inapakuliwa wapi? Sarafu isiyo na nodi ambayo mtu wa nje anaweza kuiendesha ni ahadi ya mwenye kampuni tu. Hata hivyo kinyume chake si kweli. Zipo sarafu zenye nodi na vichunguzi vizuri ambazo bado ni za kitapeli, kwa sababu daftari huthibitisha mwendo wa sarafu, si thamani yake.

Vifaa na usimikaji

Daftari zima la Bitcoin lilivuka gigabaiti 600 mwaka 2024, na linaendelea kukua. Kwa hiyo diski ya terabaiti 2 inafaa, nayo iwe ya SSD. Diski ya kawaida ya kuzunguka hufanya kazi ya siku chache iwe ya wiki kadhaa. Kompyuta yenyewe si lazima iwe kubwa. Kompyuta ya mezani iliyotumika, au Raspberry Pi yenye kumbukumbu ya gigabaiti 8, inatosha.

Kwanza husimikwa Bitcoin Core, baada ya kulinganisha heshi ya faili lililopakuliwa na ile iliyotangazwa na watengenezaji pamoja na saini zao. Wengi huiruka hatua hii, na ni kosa, maana programu iliyochezewa inafuta faida yote iliyoelezwa hapo juu. Katika faili la mipangilio huwekwa `server=1`, ili programu nyingine ziweze kuiuliza nodi, na `txindex=1`, ili muamala wowote uweze kutafutwa kwa namba yake. Bila mpangilio huu wa pili kichunguzi hushindwa kupata miamala mingi ya zamani. Pia haupatani na hali ya kupunguza, ambapo nodi hufuta bloku za zamani ili kuokoa nafasi.

Nodi ikishamaliza kulipakua na kulikagua daftari, husimikwa kichunguzi. BTC RPC Explorer ni chepesi na hufaa kwa kujifunza. Hufunguliwa kwenye kivinjari kupitia mlango namba 3002 wa kompyuta hiyohiyo. (Kinahitaji programu iitwayo Node.js, ambayo licha ya jina lake haihusiani na nodi ya Bitcoin.) Mempool ni kizito zaidi, lakini huonyesha vizuri foleni ya miamala inayosubiri na ada zake. Anayetaka kutafuta kwa anwani, si kwa namba ya muamala pekee, anahitaji pia programu ya faharasa kama Electrs, kwa kuwa Bitcoin Core haitunzi orodha ya anwani. Kwa Ethereum na mitandao inayofanana nayo hutumika Blockscout. Wasiopenda kuandika amri hutumia vifurushi kama Umbrel au RaspiBlitz, ambavyo huleta vyote kwa pamoja.

Bando na umeme

Maelekezo mengi huandikwa kwa ajili ya miji yenye intaneti isiyo na kikomo. Kwa mtu wa Nakapanya mkoani Ruvuma, anayenunua bando la simu, kupakua gigabaiti 600 ndicho kikwazo chenyewe. Njia inayowezekana ni kunakili faili za bloku kutoka kwa nodi iliyozimwa kwa utaratibu, tuseme Dar es Salaam, na kuisafirisha diski kwa basi. Anayepokea hana haja ya kumwamini aliyenakili: amri ya `-reindex` huifanya nodi izisome bloku zote upya na kuijenga hesabu yake yenyewe. Faili la pochi halinakiliwi kamwe.

Baada ya hapo matumizi hupungua. Bloku ni takriban 144 kwa siku, na ikiwa kila moja ina megabaiti 1.5 hadi 2, jumla ni kati ya megabaiti 216 na 288 kwa siku. Mpangilio wa `blocksonly=1` huzuia miamala inayosubiri isipakuliwe, ingawa kichunguzi hakitaonyesha tena foleni. `maxuploadtarget` husaidia kudhibiti kiasi ambacho nodi inawapelekea wengine.

Umeme unapokatika ghafla, hifadhidata ya nodi inaweza kuharibika na kulazimu kazi ya siku kadhaa kurudiwa. UPS ndogo au betri ya sola ni sehemu ya vifaa, si anasa.

Shule isiyo na intaneti nayo inaweza kufundisha somo hili. Bitcoin Core ina hali iitwayo regtest, ambapo mwanafunzi huunda mnyororo wake mwenyewe kwenye kompyuta moja, hutengeneza bloku kwa amri na kuziona kwenye kichunguzi. Sarafu zake hazina thamani yoyote, jambo ambalo darasani ni faida.

Usalama na mipaka

Mlango namba 8332, ambao kichunguzi huutumia kuiuliza nodi, haupaswi kufunguliwa kwa intaneti. Anayetaka kukitazama kichunguzi chake akiwa safarini hutumia VPN au Tor, pamoja na nywila. Kichunguzi hakihitaji ufunguo wa siri wa mtu. Ukurasa wowote unaouomba ni wa wizi.

Kichunguzi hakionyeshi majina. Kinaonyesha kuwa sarafu zimetoka anwani moja kwenda nyingine, lakini hakisemi mwenye anwani ni nani, wala hakiwezi kurudisha malipo yaliyokwisha kuthibitishwa. Aliyeibiwa anaweza kuzitazama sarafu zake zikihama, na kuwapa polisi namba za miamala.

Nchini Tanzania, Benki Kuu ilitoa ilani Novemba 2019 kuwa sarafu hizi si fedha halali. Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka benki hiyo ijiandae na mabadiliko ya teknolojia hiyo, na Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kwa anayepaswa kuweka hesabu za kodi, kichunguzi binafsi humpa tarehe na kiasi cha kila muamala. Thamani kwa shilingi ya siku ile ataitafuta kwingine.