Taa ya injini: ishara iliyozaliwa na moshi wa Los Angeles

Taa ndogo ya manjano inayowaka mbele ya dereva, pamoja na namba za hitilafu anazozisoma fundi kwa mashine yake, hazikubuniwa hasa ili kurahisisha kazi ya gereji. Chimbuko lake ni mapambano ya kusafisha hewa katika jimbo la California, Marekani.

Katika miaka ya 1940, wakazi wa Los Angeles walianza kusumbuliwa na ukungu mzito uliowachoma macho na koo. Wengi walivilaumu viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Arie Haagen-Smit, mkemia mzaliwa wa Uholanzi, alionyesha kwamba mvuke wa petroli na gesi za ekzosi, zikipigwa na jua, ndizo zilizozalisha ukungu huo. Mwaka 1967 California iliunda bodi ya kusimamia hewa, na baadaye mkemia huyo akawa mwenyekiti wake. Sheria ya taifa ya mwaka 1970 ikawataka watengenezaji wapunguze gesi chafu za magari mapya kwa asilimia 90.

Sheria hiyo ndiyo iliyoharakisha kuingia kwa kompyuta katika injini, kwani kabureta ya kawaida haikuweza kupima hewa na petroli kwa usahihi uliohitajika. Kompyuta ilipogundua kasoro, iliihifadhi kwa namba. Katika magari ya General Motors ya miaka ya 1980, fundi aliunganisha matundu mawili ya soketi kwa kipande cha waya, kisha akahesabu mimweko ya taa: mmweko mmoja, kimya kifupi, halafu mimweko miwili, maana yake ni namba 12.

Lakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake. California ililazimisha magari mapya yajichunguze kuanzia yale ya mwaka 1988, ila fundi bado alihitaji vitabu na vifaa tofauti kwa kila aina ya gari. Suluhisho lilipatikana mwaka 1996, pale magari yote madogo mapya yaliyouzwa Marekani yalipotakiwa kuwa na soketi moja ya pini 16 na namba za pamoja. Tangu hapo, P0301 ina maana ile ile katika Ford na katika Toyota: silinda ya kwanza haichomi mafuta sawasawa. Umoja wa Ulaya ulifuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, na mwaka 2004 kwa yale ya dizeli.

Afrika Mashariki ilipokea mabadiliko hayo kwa njia nyingine. Magari mengi yaliyotumika yaliyoingia Kenya na Tanzania yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambalo halikufungwa na sheria za Marekani. Kwa hiyo mashine iliyosoma gari la Marekani bila taabu iliweza kushindwa mbele ya gari la Japani la miaka hiyo hiyo.

Hata inaposomeka, namba hutaja dalili, haitaji chanzo. P0420 husema kwamba kifaa cha kusafisha moshi hakifanyi kazi ipasavyo. Fundi mwenye pupa hukibadilisha kwa gharama kubwa, kumbe ekzosi imetoboka au kihisio cha oksijeni kimechoka. Mwenye ujuzi hupima kwanza.

Swali la nani mwenye haki ya kuisoma lugha hiyo halijafungwa. Mwaka 2012 wapiga kura wa Massachusetts waliunga mkono kwa wingi mkubwa sheria ya kuwapa mafundi huru taarifa zile zile wanazopewa mawakala wa kampuni. Mwaka 2020 walipiga kura tena, safari hii kuhusu taarifa ambazo gari huzituma kwa mtengenezaji bila waya. Soketi ya mwaka 1996 ilimfungulia fundi mdogo mlango. Taarifa zinazopita hewani zinaweza kuufunga.