NCHI WALIYOAHIDIWA WAYAHUDI

Wengi wetu tuliovuka mpaka wa Busia na Malaba mapema mwaka 2008, tukapokewa Mulanda wilayani Tororo kabla ya kupelekwa Kiryandongo, tulikuwa tumefukuzwa Uasin Gishu. Katika maadhimisho haya tukumbuke kwamba nchi hiyo iliwahi kuahidiwa wakimbizi wengine, yaani Wayahudi.

Hadi mwaka 1902 Uasin Gishu ilihesabiwa kuwa Uganda. Mwaka huo Waingereza waliusogeza mpaka upande wa magharibi, ikaingia katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Hata hivyo, mpango wenyewe ulibaki na jina la Mpango wa Uganda.

Mwezi Aprili 1903 Wayahudi waliuawa mjini Kishinev, katika dola ya Urusi. Mwaka huohuo Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, alimpendekezea kiongozi wao, Theodor Herzl, wapewe makao huku kwetu. Je, ulikuwa ukarimu mtupu? Hapana. Wayahudi walikuwa wakikimbilia London, na wananchi wengi wakinung'unika kwamba wanashusha ujira na kujaza nyumba. Mwaka 1905 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia wageni maskini. Serikali ilikuwa tayari kutoa ardhi ya Afrika huku ikifunga mlango wa kwake.

Walowezi wa Kizungu, akiwamo Lord Delamere, walipinga vikali kwa mikutano na simu za maandishi, kwa kuwa waliitaka ardhi hiyo wenyewe. Wanandi, waliolisha mifugo huko, hawakuulizwa na upande wowote. Mwaka 1905 Wayahudi waliikataa nchi hiyo mkutanoni Basel, baada ya wajumbe wao kuikagua. Mwezi Oktoba mwaka huohuo kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, aliuawa na Waingereza. Kuanzia mwaka 1908 Makaburu wakaja kulima.

Mwaka 1938 Wayahudi wakawa wanamkimbia Hitler. Mataifa 32 yalikutana Evian, Ufaransa. Karibu yote yalitoa pole bila kufungua mlango. Kenya ilipokea wachache tu, hasa wenye fedha au ujuzi wa kilimo, na bado walowezi walilalamika. Vita vilipoanza Septemba 1939, wengi wa waliotoka Ujerumani waliwekwa kizuizini kama raia wa adui, ingawa adui huyo ndiye waliyemkimbia.

Tunajifunza nini? Ardhi inayogawiwa bila kuwauliza wenyeji huzaa ugomvi, na ugomvi wa ardhi ndio uliochochea moto uliotutoa kwetu. Kwa hiyo tunaiomba Kamati: kabla ya kupokea shamba lolote, tukae kwanza na wazee wa vijiji jirani, tuwasikilize. Serikali hutoa kibali, lakini jirani ndiye tutakayeishi naye.