Kutoka vyusa vya Katanda mpaka mashine ya kuzungushia uzi: historia fupi kwa anayetaka kuvua mtoni kwa feza kidogo

Nilipokuwa kandokando ya mto Ruzizi, baba mmoja aliyekimbia kijiji chake aliniuliza swali. Kule alikotoka alikuwa mvuvi wa nyavu. Nyavu zilibaki, mtumbwi ulibaki. Sasa anabeba matofali, na ameweka franka kidogo pembeni. Sokoni aliona fimbo ya kuvulia inayong'aa, yenye mashine ya kuzungushia uzi, ile ambayo wenye kusema Kifaransa wanaita moulinet. Akaniuliza: «Mwandishi, ninunue ile, ao ninunue uzi na ndoano tu? Nikikosea, watoto watalala njaa.»

Sikumjibu palepale. Lakini jibu limo ndani ya historia, na historia hiyo inaanzia hapa kwetu Kivu, haianzii Ulaya.

Kule Kivu ya Kaskazini, mto Semliki unatoka katika ziwa Edward mahali panapoitwa Ishango. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale, akakuta vyusa vya mfupa vilivyochongwa meno pembeni, pamoja na ule mfupa wenye alama za mikato ambao unajulikana dunia nzima. Vitu hivyo vina umri wa miaka 20,000 hivi. Chini kidogo kwenye mto huohuo, pale Katanda, watafiti walikuta vyusa vingine vya zamani zaidi, ambavyo wanavikadiria kuwa na miaka 80,000 ao zaidi. Waliotangaza habari hiyo mwaka 1995 ni Alison Brooks na John Yellen. Pamoja na vyusa ilikutwa mifupa ya kambale wakubwa, na watafiti walifikiri kwamba watu wale walikuwa wanakuja mtoni wakati kambale wanapanda penye maji mafupi kutaga mayai.

Tuangalie jambo moja hapo. Wazee wale hawakuwa na chuma wala uzi wa nailoni. Walikuwa na mfupa, lakini walijua samaki anapita wapi na anapita lini. Chombo kilikuwa kidogo, ujuzi ndio ulikuwa mkubwa.

Wagenia wa Kisangani wanatufundisha jambo hilohilo. Stanley alipofika kwenye maporomoko ya Boyoma mwaka 1877, watu wa mto walikuwa wanaishi pale na kuvua. Mitego yao ni vikapu vikubwa vinavyofungwa kwenye miti iliyosimikwa katikati ya mawe, na nguvu ya maji yenyewe inamwingiza samaki ndani. Kila mto una njia yake. Kikapu cha Boyoma hakingefaa kitu penye maji yaliyotulia.

Sasa, hii mashine ya kuzungushia uzi ilitoka wapi? Kuna picha ya Mchina Ma Yuan, iliyochorwa karibu na mwaka 1195, inayoonyesha mtu peke yake katika mtumbwi akiwa na fimbo yenye gurudumu la uzi. Kwa hiyo mashine hii si kitu cha jana. Lakini kwa miaka mingi gurudumu lilibidi lizunguke lenyewe ili uzi utoke, na kurusha chambo chepesi mbali ilikuwa taabu. Mwaka 1905, Mwingereza Alfred Illingworth, mtu wa viwanda vya nguo, alipata hati ya mashine ambayo bobini yake haizunguki wakati wa kurusha. Uzi unateleza tu kutoka kwenye ncha ya bobini, namna unavyotoka kwenye bobini za kiwandani. Mashine nyingi tunazoona leo sokoni ni watoto wa ile.

Mwaka 1949 kule Tulsa, Marekani, kampuni iliyokuwa inatengeneza mabomu ya kufungulia visima vya mafuta ilianza kutoa mashine ya kuvulia ya aina nyepesi. Aliyeibuni ni R. D. Hull, fundi wa saa. Kampuni hiyo leo inaitwa Zebco. Kuanzia hapo hata mtoto aliweza kurusha uzi kwa kubonyeza kidole tu.

Hata hivyo, badiliko kubwa zaidi kwa maskini halikuwa mashine. Lilikuwa uzi. Zamani huko Ulaya watu walivua kwa uzi wa hariri ao wa manyoya ya mkia wa farasi. Uzi wa hariri ulioza upesi, na ulidai kukaushwa kila siku. Mwaka 1935 wataalamu wa kampuni ya DuPont, Marekani, walitengeneza nailoni kwa mara ya kwanza, na baadaye ikawa uzi wa kuvulia. Hauozi, ni mwembamba, samaki hauoni vizuri, na bei yake ni ndogo. Ndoano nayo ilishuka bei tangu mashine zilipoanza kuzitengeneza kwa wingi viwandani, badala ya fundi kupinda moja moja kwa mkono.

Basi jibu langu kwa baba yule ni hili. Franka za kwanza ziende kwenye uzi na ndoano, kwa sababu ndivyo vinavyomshika samaki. Mwanzi mkavu, ulionyooka, wa mita tatu ao nne, unatosha kando ya mto mdogo. Ndoano ndogo kwa tilapia, kubwa kidogo kwa kambale. Kipande cha mti mwepesi ni chelezo, na nyungunyungu ni chambo cha bure. Vuta uzi kwa mikono miwili kabla ya kulipa: ukikatika ovyo, ulikaa juani siku nyingi.

Mashine inaongeza vitu viwili tu: kufikia mbali, na kumchosha samaki mkubwa bila kukata uzi. Kama mto wako ni mpana na una kazi ya siku zote, unaweza kuinunua baadaye. Usiinunue ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Zungusha mkono wake: usikwaruze wala usicheze. Fungua na kufunga waya unaoshika uzi mara kumi. Pitisha kidole ndani ya pete za fimbo, kwa maana pete yenye mkwaruzo inakata uzi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua moja yenye rangi nzuri, ikavunjika mkono siku ya pili, na mchuuzi sikumwona tena.

Ndugu zangu mliokimbia, sikieni na haya. Ruzizi ina mamba na viboko. Msisimame ndani ya maji, msivue giza likiingia, na watoto wasiende peke yao. Mto huo ni mpaka pia, kwa hiyo ulizeni wenyeji ni wapi panaruhusiwa. Kule Ishango ni ndani ya hifadhi ya Virunga, huwezi kwenda kuvua utakavyo. Na chandarua cha mbu si wavu: kinakokota samaki wachanga wote, na mtoto wako anabaki kwa malaria. Uzi uliokatika usiuache kando ya mto, unafunga miguu ya ndege.

Baba yule alinunua uzi, ndoano sita, na mwanzi aliukata mwenyewe baada ya kuomba ruhusa kwa mwenye shamba. Siku mbili alirudi mikono mitupu. Kisha muzee mmoja wa pale alimwonyesha kona ambapo maji yanapunguza mwendo chini ya majani. Siku ya tatu alipata kambale wawili. Alinipigia simu, akasema: «Mwandishi, uzi nilinunua, lakini ile kona nilipewa.»

Anayejua kona nzuri, amwonyeshe mgeni wake.