Nani Analipa Siku za Kusimama? Historia ya Kusubiri katika Barabara ya Kasindi, Beni na Butembo

Alfajiri pale Kasindi, mpakani mwa Kongo na Uganda, madereva huamka kabla ya barieri kuinuliwa. Mmoja anatoka chini ya tela alikotandika mkeka, ananyoosha mgongo, anashika kipande cha nondo na kuanza kugonga matairi moja baada ya jingine. Lenye upepo wa kutosha hulia kwa sauti kavu. Lililopungua huitika kwa sauti nzito. Akimaliza, anapanda juu ya shehena kukaza kamba za turubai, maana mvua imenyesha usiku kucha, na turubai lililolegea ni mlango wa mwizi. Boyi-chofa, kama tunavyomwita huku msaidizi wa dereva, anapuliza makaa kwenye jiko. Foleni haijasogea tangu jana. Mtu huyu amelinda mali ya tajiri usiku mzima na ameanza kuihudumia kabla jua halijachomoza. Lakini kwa kuwa gurudumu halijazunguka, katika hesabu ya malipo yake leo si siku ya kazi.

Katika njia zetu, kulipwa kwa safari ni desturi iliyoenea. Dereva na mwenye lori wanapatana fungu moja kutoka bandarini hadi Butembo, na posho kidogo ya njiani. Safari ikichukua siku sita au siku ishirini, fungu ni lile lile. Wakati huohuo kontena lililo mgongoni mwa lori lina haki yake: likichelewa kurudishwa Mombasa, kampuni ya meli humtoza mwenye mzigo kwa kila siku inayopita muda wa bure. Siku ya sanduku la chuma ina bei inayojulikana. Siku ya binadamu anayelilinda haina.

Jambo hili ni la zamani kuliko injini. Katika karne ya 19, misafara ya pwani ilipoingia bara, wapagazi waliajiriwa kwa njia mbili. Watu wa pwani, waliojiita Waungwana, walizoea kupatana mshahara wa mwezi. Wanyamwezi wengi walipatana kwa safari nzima. Wote walidai posho ya kila siku, hata siku za kambi. Kule Ugogo msafara uliweza kukaa siku kadhaa ukijadiliana na watemi juu ya hongo, ambayo zamani hizo ilikuwa ushuru wa kupita. Siku hizo zilihesabiwa katika mwezi wa Mwungwana. Aliyepatana kwa safari alizimeza mwenyewe. Kwa hiyo swali la nani abebe hasara ya kusubiri lilikuwa limekwisha kuulizwa, na jibu lake lilitegemea namna mapatano yalivyofungwa.

Na kusubiri kuliua. Mwaka 1887 Henry Morton Stanley aliajiri mamia ya wapagazi Unguja kwa msafara wa kumfuata gavana Emin Pasha. Kikosi kilichoachwa Yambuya, kando ya mto Aruwimi, kilingoja karibu mwaka mzima wapagazi zaidi wa mfanyabiashara Tippu Tip. Wengi walikufa pale kambini kwa njaa na maradhi, bila kupiga hatua. Mwaka 1889 walionusurika walishuka bonde la Semliki, chini ya milima ya Ruwenzori, na bonde hilohilo ndilo malori ya Kasindi huvuka leo kwenda Beni.

Baada ya uhuru, wafanyabiashara wa Kinande waliifanya Butembo kuwa mji wa biashara unaojulikana mbali. Walipeleka mboga Kisangani na kahawa Uganda, wakaleta bidhaa kupitia Mombasa, kisha wakafika Dubai na China. Barabara zilipoharibika wakati wa Mobutu, hawakuisubiri serikali. Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni kuanzia 1966 hadi 1997, aliwahimiza watu wajitegemee, na wenye mali wakachangia kutengeneza njia. Tunaisimulia habari hiyo kwa fahari, na ni haki yetu. Ila ndani yake yuko mtu tunayemruka. Lori lilipozama hadi ekseli, dereva na boyi-chofa ndio walioshuka na koleo, wakachimba mbele ya magurudumu, wakakata matawi ya kutandika, wakapakua magunia na kuyapakia upya ng'ambo ya tope. Siku hizo dereva alikuwa fundi barabara, kuli na mlinzi kwa pamoja, na fungu la safari halikuongezeka.

Wakati wa vita, kati ya 1999 na 2003, eneo hili lilikuwa chini ya kundi la waasi la RCD-K/ML, ambalo Mbusa Nyamwisi alikuja kuliongoza. Wafanyabiashara wakubwa walikubaliana na wenye bunduki kulipa sehemu ya ushuru kabla ya mzigo kufika, ili upite Kasindi kwa masharti nafuu. Walijua kwamba bidhaa iliyokwama mpakani inakula mtaji, wakatafuta njia ya kuifungulia. Lakini mazungumzo yale yalikuwa ya mwenye silaha na mwenye mali. Chofa, yaani dereva, hakuwa na kiti.

Amani ya makaratasi haikuondoa vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu barieri 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Kila barieri ni kusimama, kushuka, kuonyesha karatasi na kubembeleza. Kuanzia Oktoba 2014 mauaji ya raia huko Beni yaliifanya njia yenyewe kuwa ya hatari. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilileta vituo vya kunawa mikono na kupimwa joto. Mei 2021 ukaja utawala wa kijeshi uitwao hali ya kuzingirwa, na upande wa Komanda, kaskazini mwa Beni, magari yakaanza kupangwa misafara chini ya ulinzi wa jeshi. Kungoja msafara si mapumziko, na hata kuwa ndani yake si usalama: tarehe 1 Septemba 2021 msafara wa namna hiyo ulishambuliwa karibu na Ofaye na magari yakachomwa moto.

Juni 2021 marais Museveni na Tshisekedi walizindua ujenzi wa barabara ambazo ndani yake zimo kilomita 80 za Kasindi hadi Beni na 54 za Beni hadi Butembo. Lami ni neema. Lakini lami hufupisha mwendo. Haifupishi foleni ya duane, yaani forodha, wala kungoja mlinzi.

Wenye malori watasema: si sisi tuliosimamisha gari. Ni kweli, na wengi wao ni watu wa lori moja lililonunuliwa kwa deni. Hata hivyo, mwenye lori anaweza kuiweka gharama ya siku katika bei ya usafiri, kama kampuni ya meli inavyofanya kwa kontena. Dereva hana mtu wa kumtupia.

Tena sheria imekwisha sema. Kanuni ya Kazi ya Kongo ya Oktoba 2002, katika kifungu cha 119, inaweka saa 45 kwa wiki, na inahesabu saa tangu mfanyakazi anapokuwa mahali pa kazi chini ya amri ya mwajiri. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 153 wa mwaka 1979, unaohusu madereva, unakubali kwamba muda wa kungoja ambao dereva hawezi kuutumia apendavyo unaweza kuhesabiwa kuwa kazi. Anayelala chini ya tela ili mzigo usiibwe hawezi kwenda apendako.

Kinachokosekana ni desturi ya kuandika. Mapatano ya safari yataje idadi ya siku, na kila siku inayozidi iwe na bei yake, iwe ya kulinda, kupakua au kungoja. Ushahidi hauhitaji mitambo. Karatasi za mpakani zina tarehe ya mzigo kuingia na tarehe ya kuachiliwa. Katikati ya mihuri hiyo miwili ndimo zilimo siku ambazo dereva amekuwa akizitoa bure, na yeyote anayejua kutoa moja kwa nyingine anaweza kuzihesabu.