Kenya: Bastola ndogo ya kujihami, cheti chake na mipaka yake

Katika nchi jirani ya Kenya, raia anaweza kumiliki bastola na kutembea nayo akiwa ameificha ndani ya mavazi, mradi awe na cheti cha silaha kilichotolewa kwa mujibu wa sheria. Wengi wa wasikilizaji wetu wana ndugu, washirika wa biashara au waajiri huko ambao hubeba silaha za namna hiyo, na wengine huvuka mpaka kila wiki pamoja nao. Makala haya yanaeleza sheria inavyosema, bastola ndogo inavyotofautiana na kubwa, inavyobebwa na kuhifadhiwa, na yanayoweza kumkuta mwenye silaha anapofika mpakani.

Ruhusa, si haki

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haina kifungu kinachompa raia haki ya kumiliki silaha. Msingi wa jambo hili ni Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo mizizi yake ni ya zama za ukoloni. Kwa mujibu wa sheria hiyo, mwombaji hana budi kutoa sababu ya kuridhisha, na mamlaka inayotoa leseni iridhike kwamba kumkabidhi silaha hakutahatarisha usalama wala amani ya umma. Mlevi, mtu asiye na akili timamu, na yeyote ambaye kwa sababu nyingine anaonekana hafai kukabidhiwa silaha, hapewi cheti.

Tangu mabadiliko ya sheria za usalama ya mwaka 2014, kazi hiyo imo mikononi mwa Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote waliokuwa na vyeti wahakikiwe upya, baada ya kudhihirika kwamba silaha nyingine zilikuwa mikononi mwa watu wasiostahili.

Cheti hakimruhusu mtu kumiliki silaha kwa ujumla tu. Hutaja aina ya silaha, idadi yake, na kiasi cha risasi ambacho mwenye cheti anaruhusiwa kununua na kuwa nacho kwa wakati mmoja. Kwa hiyo, anayechagua bastola huchagua kitu ambacho hataweza kukibadilisha kwa wepesi, kumwazima rafiki, wala kumwachia dereva wake. Kuchagua vibaya ni kosa litakaloambatana naye kwa muda mrefu.

Ukubwa na maana yake

Bastola za kisasa za kujihami hugawanywa, kwa kukadiria, katika makundi matatu: kubwa za kazi ya askari, za wastani, na ndogo sana. Mfano mwepesi ni wa kampuni ya Glock ya Austria. Glock 17 ina mtutu wa milimita 114 na magazini ya risasi 17. Glock 19, ambayo ni ya wastani, ina mtutu wa milimita 102 na risasi 15. Glock 43, iliyotolewa mwaka 2015, ina mtutu wa milimita 86 na risasi 6, na ikiwa tupu uzito wake ni kama nusu kilo. Zote tatu hutumia risasi ileile ya milimita 9, iliyobuniwa Ujerumani mwaka 1902.

Hapo ndipo penye jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitambui. Risasi ikiwa ni ileile na bastola ikiwa nyepesi zaidi, msukumo unaorudi mkononi huwa mkali zaidi. Mpini mfupi huacha kidole cha mwisho kikielea hewani. Umbali kati ya alama ya kulengea ya nyuma na ile ya mbele hupungua, na kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa kwenye shabaha. Kwa hiyo bastola ndogo ni nyepesi kuificha, lakini ni ngumu kuitumia kwa usahihi. Mtu asiyefanya mazoezi mara kwa mara, ambaye ndiye huvutiwa zaidi na udogo wake, ndiye hasa asiyefaa kuibeba.

Jina jingine linalosikika sana nchini Kenya, hata katika taarifa za polisi, ni Ceska, yaani bastola za kiwanda cha CZ kilichoko Uherský Brod, Jamhuri ya Czech. CZ 75 ya asili, iliyotengenezwa kwa chuma, ina uzito wa takriban kilo moja. Uzito huo huchosha kiunoni kutwa nzima, lakini hutuliza mkono wakati wa kufyatua. Hakuna bastola inayotoa faida zote mbili kwa ukamilifu.

Mambo ya kupima kabla ya kununua

La kwanza ni mkono wenyewe. Mpini uenee kiganjani, na ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kulazimika kugeuza bastola. Jambo hili halijulikani kwa kutazama kabatini dukani. Hujulikana kwenye uwanja wa kulenga shabaha, chini ya mkufunzi, kwa kujaribu zaidi ya aina moja.

La pili ni mfumo wa usalama. Baadhi ya bastola zina kitufe cha pembeni kinachofunga kifyatulio. Nyingine, kama Glock, hazina kitufe hicho, na usalama wake umo ndani ya kifyatulio chenyewe na katika vizuizi vya ndani vinavyozuia risasi kutoka iwapo bastola itaanguka. Kila mfumo hudai mazoea yake. Aliyezoea mmoja akihamia mwingine bila kujifunza upya hujitia hatarini. Bastola kongwe za kurithi zichunguzwe na fundi mwenye leseni, kwa kuwa nyingi zilitengenezwa kabla ya vizuizi hivyo kuwa jambo la kawaida.

La tatu ni uhakika. Silaha ya kujihami isiyofyatuka inapohitajika ni mzigo, na inayofyatuka isipohitajika ni msiba. Upatikanaji wa risasi halali na wa vipuri ni muhimu kuliko sifa zinazotajwa katika matangazo.

Kubeba pasipo kuonekana

Bastola ya raia haibebwi kwa kujionesha. Chombo cha kwanza cha kuifichia ni ala, na ala ni sehemu ya silaha, si pambo. Ala nzuri, iwe ya ngozi nene au ya plastiki ngumu, ina sifa tatu: hufunika kabisa sehemu ya kifyatulio, hushika bastola isichomoke mtu akikimbia au akianguka, na hukaa imara kwenye mkanda mgumu. Ala laini inayojikunja bastola ikitolewa ni hatari, kwa sababu mdomo wake unaweza kukunjamana na kusukuma kifyatulio wakati bastola inarudishwa.

Ajali nyingi za kujijeruhi hutokea katika tendo hilo la kurudisha bastola alani. Ncha ya shati au kamba ya koti huingia kwenye kifyatulio, naye mwenye bastola husukuma kwa haraka. Wakufunzi hufundisha kwamba kutoa kunaweza kuhitaji haraka, lakini kurudisha hakuhitaji haraka kamwe: kidole kiwe nje, nguo isogezwe kando, na macho yatazame.

Mahali panapozoeleka ni kiunoni, nyuma kidogo ya mfupa wa nyonga, chini ya koti au shati lililoachwa nje ya suruali. Wengine huiweka mbele ya tumbo, wengine kifundoni. Mkoba wa mkononi ni mahali pabaya kuliko pote: huporwa, husahauliwa kitini, hufunguliwa na watoto. Mfuko wa suruali wenye funguo na sarafu haufai kabisa. Mwenye silaha afikirie pia shughuli zake za kila siku: kuketi ndani ya gari akiwa na mkanda wa usalama, kuinama, kusujudu msikitini, kuingia msalani. Katika nyakati hizo ndipo silaha huonekana, huanguka au huachwa nyuma.

Tangu shambulio la Westgate, walinzi wa maduka makubwa, hoteli na ofisi nyingi za Nairobi hukagua wageni kwa vifaa vya kutambua chuma. Kwa hiyo aliyeficha bastola lazima ajieleze karibu kila mlangoni. Jambo la busara ni kumwambia mlinzi kwa sauti ya chini kabla ya ukaguzi, kuonesha cheti, na kutogusa silaha. Mwenye jengo akikataa silaha isiingie, hapana mjadala.

Kilevi na bastola havikai pamoja. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Silaha hufanya kuwa kosa mtu kufanya fujo akiwa amebeba silaha, na mashtaka ya aina hiyo yamewahi kufikishwa mahakamani baada ya visa vya kwenye vilabu vya usiku.

Nyumbani ndiko kwenye mtihani

Mtu hununua bastola akimhofia mwizi wa nje, lakini hatari nyingine huishi naye ndani ya nyumba: mtoto mdadisi, ugomvi wa wanandoa, kijana aliyekata tamaa. Nchini Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa zaidi, utafiti ulioongozwa na Arthur Kellermann na kuchapishwa mwaka 1993 ulionesha kwamba katika nyumba zenye silaha uwezekano wa mtu kuuawa nyumbani ulikuwa karibu mara 2.7 ukilinganishwa na nyumba zisizo na silaha. Matokeo hayo yamejadiliwa sana tangu wakati huo, na Kenya si Marekani. Hata hivyo, onyo lake halipuuziki.

Sheria ya Kenya humtaka mwenye silaha aihifadhi salama wakati wote. Kwa vitendo, maana yake ni sanduku la chuma lililofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, ufunguo au namba ya siri ikiwa kwa mwenye cheti peke yake, na risasi za akiba zikifungiwa mahali pengine.

Utaratibu wa kuondoa risasi una mpangilio usiobadilika. Kwanza mtutu huelekezwa mahali salama na kidole kikawa nje ya kifyatulio. Kisha magazini huchomolewa. Baada ya hapo sehemu ya juu ya bastola huvutwa nyuma ili risasi iliyomo chemba itoke, halafu chemba hukaguliwa kwa jicho na kwa kidole. Anayegeuza mpangilio huo, akavuta kwanza ndipo akachomoa magazini, huacha risasi mpya chemba huku akiamini kwamba bastola ni tupu.

Lini mtu anaruhusiwa kufyatua

Cheti huruhusu kubeba; hakiruhusu kupiga. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hurejesha suala la kujitetea kwenye misingi ya sheria ya kimila ya Uingereza: nguvu iliyotumika iwe ya lazima, na ilingane na hatari iliyokuwapo. Mwizi anayekimbia na simu si sawa na mtu anayeinua panga. Aliyefyatua atapaswa kueleza mbele ya polisi, na pengine mbele ya hakimu, kwa nini hakuweza kukimbia, kupiga kelele au kusalimisha mali.

Tarehe 21 Septemba 2013, magaidi walipovamia jengo la Westgate, raia wenye bastola zilizosajiliwa na polisi wasiovaa sare walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia na kuwatoa watu waliokwama. Ushujaa wao hausahauliki. Lakini katika tukio hilohilo, lililoua watu 67, vikosi vya usalama vyenyewe vilifyatuliana risasi kwa kutotambuana. Mtu asiye na sare aliyeshika bastola katikati ya mtafaruku anaweza kudhaniwa kuwa mshambuliaji. Polisi wanapofika, wajibu wake wa kwanza ni kuishusha silaha na kutii amri.

Kitambulisho huvuka mpaka, cheti cha silaha hakivuki

Tangu Januari 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kusafiri kati ya nchi hizo kwa kitambulisho cha taifa. Wepesi huo umewafanya wengine wasahau kwamba cheti cha silaha hakina nguvu nje ya nchi iliyokitoa. Bastola halali mjini Busia upande wa Kenya huwa silaha haramu hatua chache mbele. Uganda ina Sheria yake ya Silaha ya mwaka 1970, na Tanzania vilevile ina sheria yake. Kuingiza au kutoa silaha kunahitaji kibali maalumu, kinachoombwa kabla ya safari.

Nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwezi Aprili 2004 ili kudhibiti silaha ndogo na nyepesi, na kituo cha kusimamia utekelezaji wake, RECSA, kina makao yake Nairobi. Itifaki hiyo inazitaka nchi kusajili silaha za raia na kuzitia alama. Haikuunda cheti cha pamoja cha kanda.

Kwa hiyo msafiri mwenye bastola aiache ikiwa imefungiwa salama, au aikabidhi kwa wanaoruhusiwa kisheria kuitunza, kabla hajaanza safari. Akague pia gari na mikoba, kwani risasi moja iliyosahauliwa chini ya kiti yaweza kumtia mashakani pamoja na wote aliowapakia. Naye abiria anayepanda gari la rafiki kuelekea Malaba, Busia au Namanga ana haki ya kuuliza mapema kama kuna silaha ndani yake. Kuuliza hivyo si utovu wa adabu, kwa maana mbele ya askari wa mpakani ni vigumu kueleza kwamba bastola iliyokutwa si yako.